Sura ya Sita: Saa za Kando ya Kitanda

Mzee alitoka Mutitu kukiwa bado giza, akafika kwangu mjini Kitui mwendo wa saa nne asubuhi akiwa na bintiye na bahasha ya kaki. Chai aliikataa kwanza. "Sista," aliniambia, "wewe umezeekea hospitali. Tusomee hii barua, kisha utuambie kama tuuze au tusiuze."

Barua ilitoka katika chuo cha binafsi. Ilimpongeza binti kwa kupata nafasi ya kusomea diploma ya uuguzi. Chini yake kulikuwa na orodha ya malipo: ya muhula, ya hosteli, ya maktaba, ya sare, ya mtihani, na ya kitu walichokiita mazoezi ya kliniki. Mwisho, kwa herufi nzito, ilimtaka alipe nusu ya karo kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yake ingepewa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa ameshapatikana.

Barua za namna hiyo nimezisoma nyingi mno, na kila mara huanza kwa kutazama ile tarehe ya mwisho. Mtu anayekupa siku tatu za kuamua juu ya miaka mitatu ya maisha ya mtoto wako hataki ufikiri. Nilimwambia mzee anywe chai, na ng'ombe akae zizini wiki moja zaidi.

Si ajabu kwamba barua hizi hupata wasomaji huku Ukambani. Katika vijiji vingi vya Kitui na Makueni, mtu mwenye mshahara anayeonekana karibu ni mwalimu wa shule ya msingi na sista wa zahanati. Sista ndiye aliyemzalisha mama, ndiye aliyemchanja mtoto, na ndiye anayeitwa usiku mtu akiumwa na nyoka. Tena kuna habari za ng'ambo: binti ya fulani yuko Uingereza, mwingine Saudia, na nyumba ya mawe imesimama kwao. Mtoto akipata C au C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, neno la kwanza mezani ni uuguzi.

Gredi yenyewe huleta swali la kwanza, nalo halihitaji pesa kujibiwa. Kwa diploma ya muuguzi msajiliwa wa afya ya jamii, ambayo wengi huiita KRCHN, mwanafunzi anahitaji wastani wa C, apate C katika Kiingereza au Kiswahili na C katika Biolojia, na asipungue C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Kwa shahada, wastani ni C+. Chuo kikikuambia kwamba gredi hizi "zinazungumzika", ondoka. Anayezungumza nawe ni karani wa kupokea karo, ilhali anayeamua ni Baraza la Wauguzi la Kenya.

Milango ya kuingilia kazi hii ni zaidi ya mmoja. Upo wa serikali, KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927 na ambacho sasa kina kampasi Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu, mbali na nyingine nyingi nchini. Siku hizi maombi yake hupitia KUCCPS, huduma ya serikali ya kuwapangia wanafunzi vyuo, na mwanafunzi wake anaweza kuomba mkopo wa HELB. Upo wa vyuo vikuu kwa wanaotaka shahada. Upo wa misheni, kama chuo kilicho ndani ya hospitali ya Our Lady of Lourdes kule Mutomo. Hicho nacho ni cha binafsi kwa maana ya kwamba si cha serikali, lakini hakikuanzishwa ili mtu agawiwe faida mwisho wa mwaka. Kisha upo mlango wa nne: chuo cha biashara, chenye wenyewe waliotia mtaji na wanaotarajia urudi na ziada.

Watu wengi huvichanganya hivi viwili vya mwisho, na kosa hilo huwagharimu. Chuo cha misheni kwa kawaida kilizaliwa na hospitali: wodi zilikuwepo kwanza, darasa likafuata. Chuo cha biashara mara nyingi huanza na darasa, kisha ndipo wodi zitafutwe. Tofauti hiyo ndiyo sura yangu yote hii.

Sisemi chuo cha biashara ni kibaya kwa kuwa kinatafuta faida. Duka la dawa lililomwokoa mtoto wako usiku lilitafuta faida. Nimefanya kazi na wauguzi hodari waliotoka vyuo hivyo, mikono yao mizuri kuliko yangu. Tena nafasi za serikali hazitoshi. Mtoto anaweza kuwa na gredi zote, akapangiwa kozi asiyoiomba katika kaunti ya mbali, au asipangiwe kabisa, na mwaka unapita akiwa nyumbani anachunga mbuzi. Mzazi anayetazama hayo hawezi kuambiwa tu "ngoja". Chuo cha biashara humpokea sasa, na wakati mwingine kina maabara nzuri ya mazoezi na walimu wanaofika darasani kwa saa. Kwa hiyo swali la mzee wa Mutitu lilikuwa swali la haki, na jibu lake halikuwa la kumzuia tu.

Nilimuuliza binti kwanza: "Chuo hiki kimo katika orodha ya Baraza?" Akanionyesha cheti cha usajili kilichochapishwa nyuma ya kijikaratasi cha matangazo. Kilikuwa cha TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Ni cheti halali, lakini hakimtoi muuguzi. Kazi ya uuguzi nchini Kenya inalindwa na sheria yake, Sura ya 257, na Baraza ndilo linaloidhinisha chuo, tena kwa kiwango: kilichoruhusiwa kufundisha cheti hakijaruhusiwa diploma, na cha diploma hakijaruhusiwa shahada. Orodha hutolewa wazi na mtu yeyote anaweza kuisoma kwa simu. Baraza halilipishi kitu kwa kuitazama.

Hapa ndipo wengi huanguka. Neno "uuguzi" halina mlinzi mlangoni. Kuna kozi za miezi michache za msaidizi wa muuguzi, za kutunza wazee, za huduma za nyumbani. Ni kozi zenye kazi yake, na mtu anayezijua vizuri anaweza kupata riziki. Lakini mwenye kuzihitimu si muuguzi, hawezi kupewa leseni, na miezi ile haihesabiwi akitaka kuanza diploma baadaye. Nimewahi kukaa na msichana kutoka upande wa Kibwezi aliyevaa sare nyeupe mwaka mzima, akapigwa picha akiwa na kipima moyo shingoni, na mama yake akaitundika sebuleni. Alipokwenda kuomba kazi aliulizwa namba yake ya Baraza. Hakuwa amewahi kusikia kwamba kuna namba.

Namba hiyo hutangulia hata kuhitimu. Mwanafunzi akishaingia chuoni, chuo hupeleka jina lake na vyeti vyake vya KCSE kwa Baraza, naye huingizwa katika daftari la wanafunzi na kupewa namba. Bila namba hiyo hawezi kukalia mtihani wa Baraza, na bila mtihani huo cheti cha chuo ni karatasi. Kwa hiyo anayekwenda kukagua chuo asiishie kwa mkuu wa chuo. Awatafute wanafunzi wa mwaka wa pili huko nje, penye kibanda cha chapati, awaulize: mlipewa namba lini? Wote darasani? Waliowatangulia walipokalia mtihani wa Baraza, wangapi walipita mara ya kwanza? Watasema kweli. Mwanafunzi hana sababu ya kumdanganya mwenzake juu ya jambo linalomuumiza.

Sasa nije kwenye kitanda.

Florence Nightingale alipofungua shule yake London mwaka 1860, aliifungua ndani ya hospitali ya St Thomas'. Uuguzi hufundishwa penye mgonjwa. Darasani utaambiwa mama aliyejifungua akitokwa na damu nyingi ufanye nini, na utajibu vizuri katika mtihani. Lakini siku utakayosimama peke yako usiku, damu inafika kwenye viatu, taa zinafifia, na mama anakuita jina lako, mkono wako utafanya lile uliloonyeshwa na sista mkubwa aliyekushika kiganja akakiweka juu ya tumbo akasema: kanda hapa, usiache. Hakuna mwanasesere wa maabara anayefundisha hilo. Pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni ni kipande cha mti au plastiki tu. Sikio la kuitumia hujengwa kwa matumbo mengi, moja baada ya jingine, mpaka siku unayosikia kwamba mapigo haya hayako sawa kabla hujayahesabu.

Na huku kwetu kuna mambo ya kujifunza ambayo mwanafunzi wa mjini huyasoma tu. Kaskazini mwa Kitui, upande wa Kyuso na Mwingi, kuna kalazaa, homa ya muda mrefu inayovimbisha wengu, na muuguzi asiyewahi kuigusa kwa mkono ataiita malaria mpaka mtoto aishe. Nyoka wanauma wachungaji katika nchi kavu yote hii. Makindu ipo kwenye barabara kuu ya Mombasa, na usiku wa ajali hospitali yake hupokea abiria wa basi zima kwa mara moja. Ndiyo sababu sikubali mtu aseme kwamba kusomea Ukambani ni kusomea pembeni. Mwanafunzi aliyekaa vizuri katika wodi hizi miaka mitatu ana elimu ya kutosha kwenda popote.

Basi hiki ndicho mzazi ananunua: saa ambazo mtoto wake atakuwa kando ya kitanda chenye mgonjwa, akiwa na mtu anayejua aliyesimama nyuma yake. Jengo la vioo, basi lenye jina la chuo, sherehe ya kuvishwa sare yenye mishumaa na keki, vyote hivyo ni pambo.

Sasa tazama hesabu ya chuo cha biashara kutoka upande wa mwenye chuo. Pesa huingia kutoka sehemu moja, yaani karo. Hutoka kwa walimu, kwa pango, kwa vifaa, na kwa hospitali inayowapokea wanafunzi. Faida ni kile kinachobaki. Akitaka ibaki nyingi, njia rahisi ni kuongeza wanafunzi na kupunguza kinachotoka: mwalimu wa kudumu mmoja badala ya wanne, wengine waje kwa saa, na hospitali moja ya kaunti badala ya tatu. Huhitaji kuwa mtu mbaya ili ufanye hivyo. Inatosha kwamba mzazi anayelipa haingii wodini, na hana njia ya kuona kilichopunguzwa.

Wakati huohuo vitanda vya hospitali ya kaunti ni vilevile. Wanafunzi wa KMTC wapo, wa chuo kikuu wapo, wa maabara na wa ukliniki wapo, na wa vyuo vya binafsi viwili au vitatu wanakuja na barua zao. Wote wanataka kuzalisha, na kila mmoja ana kitabu chake cha kutiwa sahihi. Sista wa zamu ni mmoja, labda wawili. Ukiwa ni wa kumi katika foleni ya kugusa tumbo, utajifunza kutazama migongo ya wenzako. Kisha usiku mwanafunzi atamwomba sista amtilie sahihi jambo ambalo hakulifanya, kwa kuwa mwezi unaisha. Nimeombwa. Yule mwanafunzi alilia, nami sikumtilia, na bado namkumbuka, maana kosa halikuwa lake.

Ndiyo maana nilimwambia binti aombe chuo kimwonyeshe mkataba wake na hospitali, kwa maandishi, unaoonyesha ni wanafunzi wangapi wanapokelewa kwa wakati mmoja na nani analipa. Chuo chenye mkataba huutoa. Kisichokuwa nao huanza kuzungumza juu ya Uingereza.

Niseme kidogo kuhusu ng'ambo, kwa kuwa ndiko wengi wanakolenga. Mlango huo hufunguka na kufungwa bila kutuuliza. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wauguzi Julai 2021, na kabla ya mwaka huo kuisha Kenya ikawekwa katika orodha ya nchi ambazo wauguzi wake hawapaswi kuvutwa hivihivi. Chuo kinachouza diploma kwa ahadi ya visa kinauza kitu kisichokuwa chake. Jambo lingine halisemwi kwenye matangazo kabisa. Anayetaka kwenda Marekani vyeti vyake hupimwa, mara nyingi na shirika la Philadelphia lililojulikana kama CGFNS, na chuo alichosomea ndicho kinachotakiwa kutuma moja kwa moja rekodi za masomo yake. Hilo linaweza kuja miaka kumi baada ya kuhitimu. Chuo cha biashara kinaweza kuwa kimefungwa, jengo limekuwa hoteli, na mafaili hayajulikani yaliko.

Marekani yenyewe imepata somo la namna hii kwa gharama kubwa. Aprili 2015 kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa na vyuo vya faida nchi nzima, ilifunga milango yake iliyobaki na kuwaacha wanafunzi wapatao 16,000 nje. Januari 2023 wachunguzi walitangaza kesi ya shule za uuguzi za Florida zilizouza zaidi ya diploma 7,600 za uongo kwa watu ambao hawakuwa wamekaa kando ya kitanda hata siku moja kwa ajili ya karatasi hizo, na baadhi yao walifaulu mtihani wa leseni wakapata kazi hospitalini. Wale wa Corinthian angalau serikali yao ilikuja kuwafutia mikopo, dola bilioni 5.8 mwaka 2022. Ng'ombe wa Mutitu akishauzwa hakuna serikali itakayomrudisha zizini.

Basi tuhesabu ng'ombe. Nilichukua kalamu mbele ya mzee, kwa mfano tu: tuseme muhula ni shilingi 60,000 na mihula ni miwili kwa mwaka. Miaka mitatu ni 360,000. Ongeza hosteli na chakula, ongeza nauli na malazi wakati wa mazoezi nje ya kaunti, kwa maana wodi ya magonjwa ya akili haipatikani kila mahali na wengi hupelekwa Mathari, Nairobi. Ongeza ada ya Baraza, ya kuingizwa daftarini na ya mtihani. Ongeza uwezekano wa kurudia mtihani. Mzee alinyamaza. Ng'ombe aliyekuwa amempatia mnunuzi alikuwa wa nusu ya muhula wa kwanza.

Tena kuna majira. Mvua tunayoitegemea ni ya Oktoba hadi Disemba, na ndengu huvunwa Januari au Februari. Karo ya Septemba huja wakati ghala limekauka na mbuzi wamekonda, bei yao iko chini. Familia inayouza mbuzi Septemba huuza wawili kwa bei ya mmoja. Mwaka mvua ikikosa, muhula haulipiki, na chuo cha biashara hakina subira ya padri: mwanafunzi hufungiwa nje ya mtihani. Basari ya kaunti na ya mfuko wa jimbo, NG-CDF, husaidia, lakini huja kwa vipande na huja kwa kuchelewa. Kabla ya kutia sahihi, uliza chuo kwa maandishi: nikikosa kulipa muhula wa nne, nini kinatokea kwa mihula mitatu niliyolipa? Naweza kuhamisha rekodi zangu?

Na baada ya yote, kazi. Tangu mwaka 2013 afya iko chini ya kaunti, na bodi ya kaunti huajiri kulingana na bajeti ya kaunti. Mwaka 2017 wauguzi wa nchi hii waligoma kwa muda wa miezi mitano. Maelfu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walitumia miaka wakidai kuajiriwa kwa kudumu. Zipo zahanati Ukambani zenye muuguzi mmoja anayelala na simu kichwani, na ndani ya tarafa hiyohiyo yupo muuguzi mwenye leseni anayeuza nguo za mitumba kwa kukosa ajira. Sikumficha mzee hilo. Deni linaloweza kulipwa na mshahara wa serikali haliwezi kulipwa na mshahara wa kliniki ndogo ya mjini, na wengi huanzia kliniki ndogo.

Hata hivyo sikumwambia binti asiende. Ana C+ katika Biolojia, na alipokuwa akinisikiliza alikuwa akiandika. Nilimpa kazi moja. Barua ilitaja hospitali ambako chuo hupeleka wanafunzi wake. Nilimwambia aende huko siku ya kazi, aombe ruhusa kwa msimamizi wa wodi ya uzazi, asimame mlangoni nusu saa, atazame.

Alikwenda Alhamisi. Jioni alinipigia simu, na nyuma yake nilimsikia baba yake akikohoa.

"Shikamoo, sista. Nimeruhusiwa. Kulikuwa na mama mmoja anakaribia kujifungua."

"Marahaba. Na wanafunzi?"

"Nilihesabu kumi na wanne. Nikauliza wa chuo changu ni wepi, wakaniambia ni wale wanne walio dirishani."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Alinyamaza kidogo. "Mmoja alikuwa ameshika kitambaa. Wengine walikuwa wanaandika alichokuwa anasema mwanafunzi wa mbele."

Kisha mzee akachukua simu. Aliniuliza KUCCPS hufungua lini tena, na kama chuo cha Mutomo huchukua mtoto asiye Mkatoliki. Nilimwambia apande gari la Mutomo wiki ijayo akaulize mwenyewe, na kwamba hata huko aende na maswali yaleyale, asimwachie mtu kwa kuwa tu amevaa msalaba. Akasema ataenda Jumatatu, na kwamba yule mnunuzi wa ng'ombe ameambiwa asirudi kwa sasa.